MNARA ULIOLINDWA KWA UJI WA SARUJI

Askari yeyote aliyekwisha kuchimba handaki mafunzoni anaijua tabia ya ardhi: ukiitoboa, hutaka kujifunga. Udongo ulio juu na kandoni husogea kulielekea tundu, na uso wa ardhi hutitia, kidogo au sana. Hakuna mhandisi awezaye kuuzuia mwendo huo kabisa. Awezalo ni kuupunguza, kuupima, na kuujibu kabla haujaidhuru misingi ya majengo.

Mjini London, katika miaka ya 1990, stesheni ya reli ya chini ya ardhi ya Westminster ilichimbwa hadi kina cha mita 39, jirani kabisa na mnara wa saa wa Bunge, ambao wengi huuita Big Ben. Mnara huo, wenye kimo cha mita 96, umesimama juu ya udongo wa mfinyanzi, na ilitazamiwa kuwa ungeinamia upande wa shimo.

Wahandisi, wakishauriwa na Profesa John Burland, walilaza mabomba ardhini, kati ya msingi wa mnara na njia zilizochimbwa chini yake. Mnara ulipimwa bila kukoma. Ulipokaribia mpaka uliowekwa, uji wa saruji ulisukumwa kwa nguvu kupitia mabomba ya upande uliokuwa ukizama, ukaubana udongo na kuunyanyua. Katika miaka ya 1996 na 1997 jambo hilo lilifanywa zaidi ya mara 20, na wakati wote huo, kwenye kimo cha mita 55, mwinamo ulishikiliwa kwenye kiasi cha milimita 25, yaani upana wa kidole gumba! Kwa maoni yetu, sifa ya kwanza ni ya wapimaji. Uji ukizidi huweza kulipasua jengo lile lile linalookolewa.

Penye kasoro, ardhi haisubiri. Mnamo Machi 3, 2009, katika mji wa Cologne, Ujerumani, jengo la kuhifadhia nyaraka za mji liliporomoka kando ya uchimbaji wa reli kama hiyo. Ukuta wa zege uliozunguka shimo ulikuwa na pengo; maji na mchanga vikamiminikia shimoni, na ardhi iliyolibeba jengo ikaondoka. Wajenzi waliouona msiba ukija walikimbia wakipiga kelele, na waliokuwa ndani ya jengo la nyaraka wakatoka salama. Vijana 2 waliokuwa katika nyumba ya jirani walikufa. Tangu kelele ya kwanza hadi jengo kuanguka zilipita dakika chache tu.