Ugonjwa wa Akili Hutambuliwaje?

Malaria huonekana kwa darubini na kisukari hujulikana kwa tone la damu. Sonona, skizofrenia na bipola hazina kipimo cha namna hiyo: daktari humsikiliza mgonjwa, huwauliza jamaa zake, huutazama mwenendo wake, kisha huamua. Zamani uamuzi huo ulitegemea sana daktari alisomea wapi.

Hilo lilidhihirika katika utafiti wa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 uliolinganisha New York na London. Madaktari wa pande zote mbili walionyeshwa filamu za mahojiano ya wagonjwa walewale. Wamarekani waliona skizofrenia mara nyingi zaidi. Waingereza, kwa baadhi ya wagonjwa haohao, walitaja maradhi ya hisia, kama bipola. Tofauti hiyo ilimgusa mgonjwa moja kwa moja, maana aliyeandikiwa skizofrenia angeweza kuikosa lithiamu, dawa inayowafaa wengi wenye bipola.

Mwaka 1980 ulitoka mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uitwao DSM-III, uliosimamiwa na Robert Spitzer. Kila ugonjwa ulipewa orodha ya dalili na muda wake. Kwa sonona, kanuni inayotumika leo inadai dalili 5 kati ya 9 kwa wiki 2, moja ikiwa huzuni au kukosa hamu. Madaktari wakaanza kuelewana, lakini kuelewana hakuthibitishi kwamba jina walilokubaliana ni la ugonjwa mmoja. Kwa hesabu hiyohiyo, watu wawili wanaweza kuambiwa wana sonona huku wakifanana kwa dalili 1 tu.

Ndiyo maana watafiti wengi sasa huchunguza hofu, usingizi au kumbukumbu katika ubongo bila kujali jina la ugonjwa. Kliniki bado hazijapata kipimo kutoka huko. Badiliko la karibu zaidi limo katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022: matatizo ya haiba hupimwa kwanza kwa ukali wake.

Huduma, kwa bahati nzuri, haikusubiri maabara. Mwaka 2006 Dixon Chibanda alianzisha Benchi la Urafiki jijini Harare. Bibi waliopewa mafunzo huketi nje ya zahanati, huuliza maswali yaliyotungwa kwa Kishona, kisha humsaidia mtu kutatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mpango huo umekwisha kufika Malawi na Zanzibar.