Sukari imetulia, lakini je, miguu na macho vimekaguliwa?

Mtu anayeugua kisukari akiingia kliniki, swali lake la kwanza huwa ni hili: "Daktari, sukari yangu ni ngapi leo?" Akiambiwa ni 7, hushukuru Mungu, huchukua vidonge vyake na kwenda zake. Hakuvua viatu wala hakuulizwa habari za figo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kisukari hakiharibu mwili kwa kishindo. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, hudhuru polepole mishipa midogo ya macho, figo na ile mishipa ya fahamu inayopeleka habari kutoka miguuni. Mambo haya hayaumi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliowafuata wagonjwa 5,102, na ambao matokeo yake makuu yalitolewa mwaka wa 1998, ulionyesha kuwa karibu nusu yao tayari walikuwa na dalili za madhara siku waliyoambiwa kwamba wana kisukari. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 uligundua kuwa takribani watu wazima 88 katika kila 100 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja. Maana yake ni kuwa wengi wetu tutagundulika tukiwa tumechelewa.

Sasa, msomaji wa Nairobi au Mombasa, mfikirie mzazi wako aliye Kinna, kule Isiolo, chini ya milima ya Nyambene. Mzee huamka alfajiri, akavaa akala zake na kufuata mifugo kwenye vichaka vya miiba, au akashuka shambani kufungulia maji mifereji. Miguu yake ikiwa imeanza kufa ganzi, mwiba utaingia na hatausikia. Atatembea nao siku 3, siku 4, hadi mtu wa nyumbani alalamike kuwa kuna harufu. Mguu wa namna hiyo ndio unaofika hospitali ukiwa mweusi, na daktari wa upasuaji hana la kufanya ila kukata.

Habari njema ni kwamba kupima ganzi hakuhitaji mashine. Kuna njia ambayo madaktari wa Ipswich, Uingereza, waliieleza mwaka wa 2011, na hata mtoto wa shule aweza kuifanya nyumbani. Mwambie mzee alale chali, soksi zikiwa zimevuliwa, afumbe macho. Gusa kwa wepesi ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha cha kati, kisha kile kidogo cha mwisho. Kila kimoja kwa sekunde 1 au 2. Usisukume, usikune, wala usirudie. Fanya hivyo miguu yote miwili, naye aseme kila anapohisi. Kati ya vidole hivyo 6, akikosa kuhisi 2 au zaidi, miguu hiyo iko hatarini na yafaa ionwe na mhudumu wa afya, hata kama haina kidonda.

Mzee wa aina hii asitembee peku, hata uani. Akala ni kiatu kigumu na cha bei nafuu, nami sina ugomvi nacho, ila huacha vidole wazi. Afadhali kiatu kilichofunikwa mbele, kisichobana, ambacho hukung'utwa kila asubuhi kabla ya kuvaliwa. Miguu itazamwe kila jioni, nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atazamiwe na mjukuu. Na asiote moto kwa nyayo wakati wa baridi, kwani ataungua bila kujua.

Tuje kwenye figo. Figo zaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake mtu akiwa bado anajiona mzima kabisa. Zikishindwa, damu husafishwa kwa mashine mara 2 au 3 kila wiki, na kwa mtu wa Kinna hiyo ni sawa na kuhama nyumbani. Lakini angalau mara 1 kwa mwaka mkojo waweza kupimwa kama unapitisha protini iitwayo albumini, na damu ikapimwa kreatinini. Albumini ikionekana mapema, kuna vidonge vya kawaida vya shinikizo la damu ambavyo pia hukinga figo. Wakati huohuo, mkanye mzee na zile dawa za maumivu anazonunua dukani, kama diklofenaki na ibuprofeni. Magoti yanapona kwa siku 1 na figo zinaumia.

Shinikizo la damu lipimwe kila anapokwenda kliniki. Hapa niseme jambo wengi hawapendi kulisikia: miraa hupandisha presha na mapigo ya moyo, kwa hiyo asitafune kabla ya kupimwa. Soda na chai tamu zinazoandamana nayo pia zihesabiwe.

Kile kipimo cha damu kinachoitwa HbA1c huonyesha sukari ilivyokuwa kwa muda wa miezi 3 hivi, si asubuhi hiyo tu ambayo mgonjwa alijinyima chai ili daktari afurahi. Kifanywe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Kwa wengi tunalenga chini ya asilimia 7, ingawa mzee dhaifu huruhusiwa zaidi ya hapo. Aliye na upungufu wa damu, au aliyeongezewa damu karibuni, amweleze daktari, maana jibu laweza kudanganya.

Waislamu wengi wa Kinna hufunga Ramadhani, na mwenye kisukari hushauriwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mfungo ili dawa zipangwe upya. Mimi huwashauri jamaa watumie safari hiyo kumaliza ukaguzi wote wa mwaka. Kujichoma kidole ili kupima sukari hakubatilishi saumu, kwa hiyo asiache kujipima mchana.

Kipimo ambacho huenda kikawalazimu kusafiri hadi Isiolo mjini, Maua au Meru ni cha macho. Si kile cha kusoma herufi ukutani, bali cha kutazama retina, nyuma ya jicho, ambako mishipa huanza kuvuja mgonjwa akiwa bado anaona vizuri. Uingereza ilianza mpango wa taifa wa kupiga picha retina za wagonjwa wa kisukari mwaka wa 2003. Ripoti ya mwaka wa 2014 ilionyesha kuwa, kwa mara ya kwanza katika miaka 50, ugonjwa huo wa retina haukuwa tena sababu kuu ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Mishipa ikionekana mapema huzibwa kwa miale ya leza. Daktari akitia matone ya kupanua mboni, macho hukaa na ukungu kwa saa kadhaa; basi mzee asiende peke yake, asiendeshe pikipiki, na abebe kofia pana ya kumkinga na jua akirudi.