Sur, Upande wa Pili wa Safari ya Jahazi

Mkenya akisikia kwamba fulani amekwenda Arabuni kupumzika, aghalabu mawazo humpeleka Dubai, kwenye maghorofa na maduka ya dhahabu. Mimi nilikwenda mji mwingine kabisa, mtulivu na usio na makuu: Sur, katika pwani ya mashariki ya Omani. Kutoka Muscat ni mwendo wa kilomita zipatazo 200, kwa barabara nzuri ipitayo baina ya milima na bahari. Mapumziko ya mwisho wa juma huko ni Ijumaa na Jumamosi. Niliwasili Alhamisi jioni, na siku mbili hizo zikanitosha.

Mji umejengwa kandokando ya hori. Nyumba ni fupi na nyeupe. Ng'ambo ya maji kuna mtaa wa Ayjah pamoja na mnara wake wa taa, na daraja la kuning'inia huziunganisha pande hizo mbili. Adhuhuri njia huwa tupu, kwani jua la huko halina mzaha. Wageni wengi hulala hapo tu ili usiku waende Ras al Jinz kuwatazama kasa wakitaga mayai mchangani. Ni jambo la kupendeza, ila silo lililonivutia mimi.

Kilichonivutia ni majahazi. Kando ya hori imo karakana ambamo mafundi, wengi wao siku hizi wakiwa Wahindi, huunda vyombo vya mbao kwa mkono. Huanza kwa mkuku, kisha hupanga mbao za ubavuni, ndipo hatimaye hutia mataruma ya kuzishikilia. Michoro haikuwa desturi ya kazi hii. Kipimo kilikaa kichwani mwa fundi. Msaji wenyewe hutoka ng'ambo, kwa kuwa nchi hiyo kame haina miti ya kuundia jahazi. Hatua chache kutoka hapo imepandishwa nchi kavu Fatah al-Khair, jahazi kubwa la aina ya ghanja lililoundwa Sur mwaka 1951, likaishia Yemen, na wenyeji wakalirejesha kwao mwaka 1993.

Ewe mwalimu wa historia, hapo ndipo somo lako linapopata mguu wake wa pili. Tunawafunza watoto wetu kwamba Waarabu walikuja na kaskazi na kurejea na kusi. Lakini walirejea wapi? Walirejea mahali kama Sur, wakiwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, baada ya kutuletea tende na samaki wa chumvi. Jirani ya Sur yapo magofu ya Qalhat, mji ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ibn Battuta, yule yule aliyetuelezea Mombasa na Kilwa za mwaka 1331, alishuka Sur akaenda Qalhat kwa miguu. Wareno waliichoma Mombasa mwaka 1505, na mwaka 1508 wakaiteketeza Qalhat. Katika vitabu vyetu tukio la kwanza limo. La pili halimo, kana kwamba bahari hiyo ilikuwa na ufuko mmoja tu.

Lipo na jingine, nalo ni zito. Majahazi ya Sur yalibeba pia watumwa. Hata baada ya mkataba wa 1873 uliolifunga soko la Unguja, manahodha kadhaa wa mji huo walipeperusha bendera ya Ufaransa, maana manowari za Uingereza hazikuwa na ruhusa ya kuvipekua vyombo vya Wafaransa. Mzozo wa bendera hizo ulifika mahakama ya usuluhishi ya The Hague, ikaamua mwaka 1905. Kwa maoni yangu, kosa la kufundisha liko pande zote mbili: huko ufundi wa jahazi husifiwa na shehena hiyo ikapitwa kimya, kwetu shehena hutajwa, na ufundi, lugha na ndoa zilizosafiri katika vyombo hivyo hivyo zikaachwa. Mwanafunzi anastahili vyote, tena kwa pamoja.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, nilimkuta mzee mmoja ameketi kivulini na mjukuu wake. Nilipomwamkia "Shikamoo, babu," aliitikia "Marahaba, mwanangu," kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka. Alipokuwa kijana alikuwa baharia, akafika Lamu na Mombasa. Nilimwuliza habari za watumwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Yalikuwako hayo. Wazee wetu hawakuyakana, ila hawakupenda kuyasema."

Naye akaniuliza langu: je, boriti za Lamu bado zapakiwa? Nikamjibu kwamba serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Akatikisa kichwa, akamgeukia mjukuu wake na kumfasiria kwa Kiarabu. Kijana aliuliza jambo, na mzee akacheka.

"Anauliza boriti ni kitu gani," akaniambia, huku akiinua fimbo yake na kumwonyesha dari la nyumba kuukuu iliyokuwa nyuma yetu.