Umekimbia 21 Jumapili? Usithubutu Kurudi Tizi Jumanne

Jumapili jioni nilikuwa najiona simba. Nilikuwa nimetoka kukimbia kilomita 21 hapa Wote, jua la Makueni likinichoma shingo mwanzo mwisho, na sikutembea hata hatua moja. Jumatatu asubuhi nikashuka kitandani kama guka. Kwenda choo ya shimo ilikuwa ngori, juu kuchuchumaa miguu ilikataa kabisa.

Hapo bado sijakosea. Kosa ni Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, nilipoenda kupanda mlima na mabeshte eti "nitoe kutu". Wiki ya tatu muundi, huo mfupa wa mbele chini ya goti, ukaanza kuuma hata nikiwa nimekaa. Nikakaa nje miezi miwili na nikakosa mbio ingine yenye nilikuwa nimeshalipia. Doo haikurudi.

Sasa acha nikushow venye mambo iko. Ukikimbia sana hujengi mwili, unaubomoa. Nyuzi za misuli zinachanika vidogo vidogo, na sukari yenye mwili huweka kwenye misuli na ini inakwisha. Kujengwa kunakuja baadaye, ukiwa umelala na umekula. Ukirudi kubomoa kabla fundi hajamaliza, nyumba haitasimama.

Wasee wa tizi watakuambia hayo maumivu ni asidi imebaki mguuni. Zi. Hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi. Maumivu ya Jumatatu ni ile michaniko, na kwa kawaida hupanda zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ndio maana Jumanne ni mtego: moyo unakuambia uko fiti, misuli bado iko garage.

Cheki hata wenye hii ni kazi yao. Patrick Makau, Mkamba mwenzetu wa upande wa Machakos, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin tarehe 25 Septemba 2011, saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Aprili iliyofuata, London, alijitoa njiani. Baadaye goti likamsumbua kwa muda mrefu, lakini akarudi akashinda Fukuoka 2014 na tena 2015. Sisemi hakupumzika, hilo analijua mwenyewe na daktari wake. Nasema tu mguu haujali una rekodi gani.

Naye Kipchoge kwa miaka mingi kawaida yake ilikuwa kukimbia marathoni mbili kwa mwaka. 2023 alikimbia Boston Aprili, halafu Berlin Septemba. Miezi mitano katikati! Wewe unataka kushindana kila wikendi juu kuna fulana ya bure?

Haya, ukishamaliza mbio usikae chini hapo hapo. Tembea dakika kumi, halafu udish ndani ya saa moja au mbili. Huhitaji unga wa mkebe wenye picha ya mtu mwenye kifua. Muthokoi na ndengu, yai mbili, maziwa, na embe kama ni msimu, hiyo inatosha na inabaki. Maji kunywa kidogo kidogo na utie chumvi kwa chakula. Kujimwagia lita tano za maji matupu kwa mpigo ni hatari, chumvi ya damu inashuka na mtu anaweza kuzirai. Kama umetoka jasho ya kufa, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Dawa za maumivu kama ibuprofen, achana nazo ukiwa bado umekauka. Zinaumiza figo. Na ukiona mkojo umekuwa mweusi kama soda ya kola, usingoje kesho, enda hospitali saa hiyo hiyo.

Usingizi ndio dawa yenyewe. Kipchoge hulala saa nane usiku na bado anaongeza mchana. Najua, wewe huna mchana wa kulala. Hapa ndio huwa naona watu wanatudanganya na maneno ya "pumzika". Msee anakimbia Jumapili, Jumatatu yuko mjengo anabeba mawe, ama kwa boda kuanzia alfajiri hadi usiku. Hiyo siku si ya mapumziko hata kama hukuvaa raba za kukimbia. Kama ni wewe, basi punguza tizi, juu kazi huwezi punguza. Wiki nzima bila mbio haitakupokonya fom.

Utajuaje umerudi? Kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Jua kiwango chako cha siku za kawaida. Ikiwa imepanda kwa mapigo saba, kumi hivi, au umelala vibaya na kila mtu anakukasirisha, hiyo siku ni ya kutembea tu. Na maumivu ya pande zote mbili ya mguu, yanayopungua kila siku, ni sawa. Maumivu ya sehemu moja yenye unaweza kuonyesha na kidole, na yanaongezeka, simama.

Mimi siku hizi baada ya 21 nakaa siku tatu nikitembea tu. Ya nne natoka polepole barabara ya Kathonzweni, nikipiga stori bila kuhema. Mabeshte wananipita wakicheka. Wawili wao wiki hii wanachechemea.