Dinosaria wenye majina ya Kiswahili

Mtoto aliyepagawa na dinosaria atakutajia Tyrannosaurus na Velociraptor bila kukwama, majina ya Kigiriki na Kilatini yanayomvunja ulimi baba yake. Mtajie Mnyamawamtuka moyowamkia, atacheka akidhani unamtania. Humtanii. Hilo ni jina rasmi la kisayansi, na kati ya watoto wote wa dunia, anayelielewa bila kufungua kamusi ni yule anayezungumza Kiswahili.

Lisome polepole: mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Mtuka ni mto wa kusini magharibi mwa Tanzania, katika bonde la Rukwa. Mwaka 2004 watafiti waliona mifupa imechomoza kwenye ukingo wake, maji yakiwa yamekauka. Kuichimbua kulichukua miaka kadhaa, na mwaka 2019 Eric Gorscak na Patrick O'Connor wakamtangaza: mla majani mwenye shingo ndefu, wa kundi la titanosaria, aliyeishi takriban miaka milioni 100 iliyopita. Baadhi ya pingili za mkia wake, ukizitazama kwa nyuma, zina umbo la moyo.

Jina hutokana na ushahidi

Jina la kisayansi lina sehemu mbili, ya jenasi na ya spishi. Laweza kutoka lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini. Kisichokwepeka ni ushahidi: mtafiti achapishe maelezo ya mifupa, na mifupa yenyewe itunzwe mahali panapojulikana ili wengine waikague.

Ndivyo alivyopatikana Shingopana songwensis mwaka 2017, jamaa wa Mnyamawamtuka kutoka Songwe. Pingili za shingo yake zimetanuka kwa juu, na mifupa yake ina vitobo vya wadudu walioitafuna baada ya kifo chake. Kabla yake, mwaka 2010, alitangazwa Asilisaurus kongwe wa bonde la Ruhuhu. Huyu si dinosaria kamili, ni binamu yao wa karibu wa takriban miaka milioni 240 iliyopita, na kwa sababu ya umri huo akapewa "asili" na "kongwe".

Mfupa unavyogeuka jiwe

Mizoga mingi huliwa au huoza ikatoweka. Michache hufunikwa mapema na tope au mchanga, hasa kando ya mito. Maji ya ardhini hupenya kwenye vinyweleo vya mfupa yakiacha madini humo, na kwa maelfu ya miaka mfupa huwa mzito na mgumu kama jiwe. Hicho ndicho kisukuku. Tabaka la mwamba kilimolala ndilo linalomwambia mtaalamu umri wake na mazingira aliyoishi mnyama.

Majina ya wachimbaji

Wengi wetu tunamjua dinosaria mmoja tu, yule "mjusi" wa Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba huko kuanzia 1909 hadi 1913, na wapagazi wakasomba mifupa kwa miguu hadi bandarini Lindi. Leo mifupa ya mjusi huyo, kwa jina la kisayansi Giraffatitan, imesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13.27.

Kazi ya kuchimba ilifanywa na mamia ya Waafrika, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Ilipita karibu karne moja ndipo jina lake likaingia katika sayansi, dinosaria mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii mwaka 2007. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, anayewaenzi Wamwera na mchimbaji Mohammadi Keranje.

Ukikutana na mfupa wa jiwe

Mvua na mito huendelea kufukua visukuku. Ukikiona usiking'oe, usikioshe wala usikiuze, kwani sheria ya mambo ya kale inavilinda. Kipige picha, weka alama mahali pale, kisha toa taarifa kwa serikali ya kijiji au Idara ya Mambo ya Kale. Mnyama wa Mtuka ameitwa hivyo kwa kuwa alikutwa Mtuka, ndani ya tabaka lake. Mfupa uliong'olewa pasipo kuandikwa ulikotoka hauwezi tena kuitwa wa mahali popote.