Tibu ya chuma ya zamani: mbele ya kuongeza lampi



Katika ukurasa huu tunaongea juu ya kazi ambayo wengi wenu mtaombwa kufanya, ao mmekwisha kuiona ikifanywa ku magazini ya mjomba ao ya jirani. Hapa Uvira, toka Mulongwe mpaka Kalundu, kungali majengo ya biashara ya zamani. Ndani ya majengo ya namna ile, waya za kuran hazikupita wazi juu ya ukuta. Zilipita ndani ya tibu za chuma, toka tablo ya fizibli mpaka kisanduku cha plafo. Sasa mwenye magazini anataka mwangaza mwingi zaidi: ampuli moja ya katikati haitoshi, wateja hawaoni rangi ya kitenge. Fundi anafika, anaona tibu iko tayari, anafurahi kwani hakuna kuvunja ukuta. Anavuta waya mbili mpya, jioni lampi sita zinawaka, analipwa franka zake.

Lakini kuko swali moja ambalo hakuuliza: ile tibu inashikana na udongo ao hapana?

Tuseme waya moja ya fazi imechubuka ndani ya tibu, pale inapokata kona. Shaba inagusa chuma. Kama tibu haishikane na udongo, hakuna kitu kitaonekana. Lampi zinaendelea kuwaka, fizibli haikatike, watu wanauza na kununua. Lakini tibu nzima, toka tablo mpaka plafo, imekuwa fazi ya 220 volti. Inangoja tu mtu. Ni mtoto anayepangusa sima na maji, miguu mitupu, kisha anaegemea ukuta. Mwili wake wenye maji tuuhesabie omu 1000. Ni hesabu ya darasani, mwili wa kila mtu ni tofauti. 220 kugawanya kwa 1000 ni 0,22 ampere, ndiyo miliampere 220. Na miliampere 30 tu, zikidumu, zinaweza kufunga pumzi. Moyo nao hauko mbali.

Wafundi wa zamani hawakuwa wajinga. Wengi walihesabia tibu yenyewe kuwa njia ya kwenda udongoni: chuma kimefungwa ku chuma kwa vizi, kisanduku ku kisanduku, mpaka kwenye tablo na fito ya tere. Ilikuwa muzuri wakati chuma kilikuwa kipya. Lakini sisi tunaishi kando ya ziwa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulitoka njia yake na kuingia katika mitaa. Kisha maji ya Tanganyika yakapanda, katika 2020 na 2021, na tena 2024, mpaka ndani ya nyumba za watu wa pwani na ku bandari ya Kalundu. Tibu iliyokunywa maji inakula kutu, na kutu inaanza pale pa viungo, ndani ya vizi, fasi jicho halifike. Kwa nje unaona tibu nzima. Kwa ndani njia imekatika.

Kwa hiyo mbele ya kuvuta hata waya moja, pima. Zima kuran, chukua mita, weka mguu mmoja ku tere ya tablo, mguu mwingine ku kisanduku cha mwisho kabisa, fasi umeparuza rangi mpaka chuma king'ae. Omu moja ao chini yake ni habari njema. Omu mia, ao mita kukaa kimya: tibu imekatika. Na hata ikipima muzuri, usiitegemee peke yake. Mita inapitisha kuran ndogo sana, na kiungo cha kutu kinaweza kuiruhusu ile ndogo na kushindwa siku ya kuran kubwa. Dawa ni waya ya tatu, ya rangi ya manjano na kijani, itoke tablo mpaka kila lampi, na ku kila kisanduku cha chuma ifungwe kwa vizi. Mwenye magazini atasema ni franka za bure. Umweleze hesabu ya yule mtoto.

Wamoja wanafikiri ukiisha kuweka tere, fizibli itafanya kazi yote. Hapana. Fito ya tere katika mchanga inaweza kuwa na omu 20. 220 kugawanya kwa 20 ni ampere 11. Fizibli ya 16 itabaki inatazama tu, na chuma kinabaki na moto. Ndiyo sababu ku tablo tunaweka dijontere diferansieli. Yenyewe inalinganisha kuran inayokwenda na inayorudi. Zikitofautiana miliampere 30, inakata. Bila tere ingengoja mtu aguse ndipo ikate. Na tere, inakata mara tu waya inapochubuka, mbele mtu hajafika.

Sasa kuvuta waya. Kwa lampi, waya ya milimeta kareti 1,5 na fizibli ya ampere 10 zinatosha kabisa: ampuli sita za LED za wati 12 ni wati 72, hata nusu ampere haifike. Fazi na netre yake zipite pamoja ndani ya tibu moja. Wako mafundi wanaopitisha fazi ku tibu hii na kurudisha netre ku tibu ingine kusudi kufupisha njia. Kuran yetu inageuka mara 100 kila sekunde (ndiyo Herzi 50), na ikiwa peke yake ndani ya chuma inakifanya sumaku na kukigeuza bila kupumzika, basi chuma kinapata joto. Zikiwa mbili pamoja, moja inafuta nguvu ya ingine. Kwa lampi chache joto ni kidogo, lakini kesho mwenye magazini ataongeza frigo.

Usijaze tibu. Waya na mipira yake zisipite moja ya tatu ya nafasi ya ndani. Tibu ya milimeta 16 ndani iko na nafasi ya 201 hivi. Moja ya tatu ni 67. Waya moja ya 1,5 na mpira wake inakula karibu 7. Basi tisa, zile za zamani zikihesabiwa pia. Na zile za zamani mara nyingi ni za mpira na pamba: ukizikunja zinavunjika kama mkate mkavu. Usiziache kando ya waya mpya. Zitumie kama kamba ya kuvutia zile mpya, kisha uzitupe. Usiamini rangi zake pia. Fazi inajulikana kwa kupima. Ukikata tibu, lainisha mdomo wake na lima, sababu makali yale ndiyo yanachubua waya.

Juu ya kuzima: hapa kwetu fundi anapenda kufanya kazi wakati kuran imekatika. SNEL haitakupigia kengele ikirudisha, na jenereta ya jirani inaweza kuingia kwa njia usiyojua. Angusha dijontere kubwa, toa fizibli, uziweke mfukoni mwako, wala si juu ya kontware.

Mwisho, mbele ya kufunga visanduku, kuran ikiwa imerudi, washa kila lampi, kisha finya kidude chenye herufi T ku diferansieli. Lampi zote zizimike papo hapo. Kama haziзimike, badilisha ile diferansieli. Mbele ya hapo usimwachie mwenye magazini ufunguo wa tablo.