Alibeba nyatiti hadi London kusaka wenzake. Wewe ungebeba nini?

MWAKA wa 1986, Mkenya aliyekuwa akikaribia au ametimiza miaka 30 aliondoka nchini kuelekea Uingereza. Mali yake kubwa safarini ilikuwa nyatiti, ala ya nyuzi nane ambayo vijana wengi wa mjini waliiona kama kitu cha wazee na matanga.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Job Seda. Ulimwengu ulikuja kumfahamu kama Ayub Ogada.

Hakuwa mgeni jukwaani. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1956, na akiwa mtoto aliishi Chicago, Marekani, ambako wazazi wake walikuwa wakiimbia Wamarekani nyimbo za Kiluo. Aliporudi Kenya alipitia bendi ya Black Savage, kisha mwaka wa 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band jijini Nairobi. Hata kwenye filamu ya Out of Africa ya mwaka wa 1985 alionekana.

Kwa hivyo si kwamba alikuwa amekosa la kufanya. Swali ni hili: msee mwenye bendi na jina mjini anaacha vyote aende kuanza upya ugenini kwa nini, tena na ala ambayo huko hakuna anayeijua?

Jibu linaanzia kwenye ala yenyewe. Nyatiti kwa desturi hupigwa na mtu mmoja, lakini huyo mmoja ni bendi nzima. Anaketi kwenye kigoda kifupi, vidole vinachezea nyuzi, mguuni amefunga njuga, na kwenye kidole gumba cha mguu kuna pete ya chuma inayogonga ukingo wa ala kutoa mdundo. Juu ya hayo yote, anaimba. Msanii wa aina hii anaweza kuketi popote na kuanza kazi. Hahitaji umeme wala spika.

Na kweli Ogada aliketi popote. Huko London alipiga muziki kwenye vijia vya treni za chini ya ardhi, abiria wakipita mbio kuelekea kazini. Enzi hizo kufanya hivyo hakukuruhusiwa. Mpango rasmi wa leseni kwa wanamuziki wa vituoni ulikuja mwaka wa 2003. Kabla ya hapo, ulipiga ukijua kwamba wakati wowote ungeweza kuamriwa kufunganya.

Kwa mtu aliyezoea kupigiwa makofi, huo ni mtihani. Mamia wanapita, mmoja anageuza shingo. Lakini muziki ukipigwa mahali pa wazi, huwezi kujua nani anasikiliza. Mwaka wa 1988 Ogada alialikwa kwenye tamasha la WOMAD, ambalo mwanamuziki Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Mwaka wa 1993 albamu yake, En Mana Kuoyo, ikatolewa na Real World, kampuni ya Gabriel. Humo mna Kothbiro, kibao ambacho baadaye kilisikika kwenye filamu ya The Constant Gardener ya mwaka wa 2005.

Duara lililozaliwa ugenini

Ogada hakuwa mgeni wa kwanza kutafuta wenzake wa muziki London. Kuna kundi lingine lililopita njia hiyo kabla yake, na lililoanzisha desturi ambayo leo msanii yeyote msafiri anaweza kufaidika nayo.

Ukienda Ireland, au mji wowote mkubwa wenye Waayalandi wengi, utakuta baa ambako jioni fulani ya wiki watu huketi kuzunguka meza na kupiga muziki wa kienyeji. Kuna fidla, filimbi, kodiani, pengine na ngoma ya mkononi iitwayo bodhrán. Hakuna jukwaa. Hakuna tiketi. Hakuna aliyeweka karatasi ya noti mbele yake. Wenyewe huita kikao hicho sesheni.

Wengi hudhani ni mila ya kale kabisa ya vijijini. Ukweli ni kwamba zamani muziki huo ulipigwa zaidi majumbani, jikoni, watu wakicheza densi. Kikao cha baa tunachokijua leo kilishika kasi London, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati maelfu ya Waayalandi walivuka bahari kutafuta vibarua vya ujenzi.

Walikuwa wakiishi vyumba vya kupanga. Kama umewahi kukaa bedsitter Roysambu, huhitaji kuelezwa zaidi: ukianza kupiga fidla saa tatu usiku, jirani anagonga ukuta na keyateka anagonga mlango. Basi wakawa wanakutana kwenye baa za mitaa kama Camden na Kentish Town. Desturi hiyo ikarudi nyumbani Ireland na kuenea miaka ya 1950 na 1960.

Kwa maneno mengine, duara hilo lilitengenezwa na watu waliokuwa mbali na kwao, waliochoka kupiga muziki peke yao. Ndiyo maana mgeni mwenye ala mkononi huwa si mvamizi pale. Kiti chake kilifikiriwa tangu mwanzo, ilimradi ajue adabu za kukikalia.

Ukifika, usikurupuke

Adabu zenyewe hazijaandikwa ukutani, lakini zipo.

Ya kwanza ni kusikiliza. Kaa pembeni, agiza soda au chai yako, na usikie wanapiga nini na kwa kasi gani. Kwa kawaida hupiga midundo miwili au mitatu mfululizo bila kusimama, kila mmoja ukirudiwa mara mbili au tatu kabla ya kuruka kwenye unaofuata. Nyingi huwa katika ufunguo wa D au G. Kama ala yako haijalinganishwa na huo ufunguo, utakuwa unapigana nao.

Ya pili ni kuomba ruhusa. Subiri wapumzike, kisha muulize anayeonekana kuongoza kama unaweza kujiunga. Viti vya karibu na meza mara nyingi vina wenyewe, hata kama viko tupu.

Ya tatu, usipige usichokijua. Kwetu tumezoea kuchangamkia ngoma na kuingia popote mdundo ulipo. Kule ngoma ya pili ikiongezwa juu ya bodhrán iliyopo, nyuso zinakunjamana. Kwa kawaida anapiga mmoja, mwingine anangoja zamu.

Hapa ndipo Mkenya anaweza kujikwaa. Kwenye kikao cha nyatiti, msikilizaji ana haki ya kuukatiza muziki. Anatoa pesa, mpigaji ananyamazisha nyuzi, naye anasimama kujisifu yeye, ukoo wake na marafiki zake. Hiyo ndiyo pakruok, na bila hiyo raha haijakamilika. Ukijaribu kusimamisha midundo ya Waayalandi katikati ili ujisifu, utamaliza jioni ukiwa peke yako na soda yako.

Ya nne ndiyo tamu zaidi. Mara nyingi mgeni huombwa kitu cha kwao. Usiseme "sina". Uwe na wimbo mmoja mfupi, wenye kiitikio ambacho mtu asiyejua lugha yako anaweza kukishika mara ya pili. Hiyo ndiyo nauli yako ya kuingia.

Kama unataka kuwapata wapigaji wengi pamoja, kuna mji mdogo wa Miltown Malbay katika Kaunti ya Clare. Tangu mwaka wa 1973, kila Julai huwa na wiki ya mafunzo kwa heshima ya Willie Clancy, mpigaji wa zumari za Kiayalandi. Asubuhi watu husoma ala mbalimbali, usiku baa zote zinajaa vikao.

Mambo ya mizigo na karatasi

Kabla ya kuota ndoto za Clare, kagua ala yako. Orutu nyingi huwambwa kwa ngozi ya kenge, na kenge wa kwetu yumo kwenye orodha ya wanyama ambao biashara na usafirishaji wao hudhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Bila kibali, ala inaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege na usiione tena. Uliza shirika la wanyamapori, KWS, mapema, au mwombe fundi akutengenezee ya ngozi ya mbuzi.

Hata ngozi ya ng'ombe kwenye nyatiti si salama kila mahali. Nchi kama Australia hukagua kwa makini kitu chochote chenye ngozi ya mnyama, hasa kikiwa na manyoya au udongo. Isafishe vizuri na useme ukweli kwenye fomu. Pia legeza nyuzi kidogo kabla ya safari, maana baridi na joto vya njiani vinaweza kuipasua ngozi iliyokazwa.

Halafu kuna viza. Kuketi kwenye duara na kupiga bure ni jambo moja, kulipwa hata pauni 20 ni jambo lingine. Viza ya utalii kwa kawaida hairuhusu kazi. Uliza ubalozi kabla ya kukubali shoo ya mtu uliyekutana naye mtandaoni.

Wao wanakuja, sisi tuko wapi?

Wakati sisi tunawaza kuondoka, wengine wanakuja kutafuta tulichoacha. Mjapani Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina la jukwaani Anyango, alitoka Tokyo miaka ya 2000 akaenda kuishi kijijini Siaya ili afunzwe nyatiti na mkongwe Okumu K'Orengo. Kwa desturi ala hiyo ni ya wanaume. Ilibidi aombe, angoje, afanye kazi za nyumbani na kujifunza lugha. Leo anatambuliwa kama mwanamke wa kwanza kujipatia jina kwa kupiga nyatiti.

Wanamuziki wa London nao walikuja Nairobi, wakakutana na mpigaji wa nyatiti Joseph Nyamungu na mpiga ngoma Charles Owoko. Matokeo yake ni Owiny Sigoma Band, iliyotoa albamu yake ya kwanza mwaka wa 2011.

Ogada mwenyewe alirudi nyumbani. Alifariki Februari 1, 2019, Nyahera, Kisumu. Mwaka uliotangulia, kipande cha Kothbiro, ile ya Black Savage, kilikuwa kimesikika duniani kote ndani ya Yikes, wimbo wa Kanye West. Vijana wengi wa Nairobi waliucheza kwenye matatu bila kujua kwamba sauti hiyo ilitoka hapa hapa.

Hilo linauma kidogo, lakini halishangazi. Mtu hujua muziki wa kwao kama kuna mahali anapoweza kuukuta bila kununua tiketi na bila kungoja mtu afe. Waayalandi walijitengenezea mahali hapo kwa meza moja na viti sita, kwenye mji usio wao. Sisi tuko mjini mwetu, wapigaji wapo, mafundi wapo, na kahawa na nyama choma ziko kila kona. Kinachokosekana ni watu wachache kukubaliana: kila Alhamisi, saa moja jioni, tunakutana pale, mgeni aruhusiwe kuketi.

Tuseme kesho msafiri anashuka JKIA na fidla mgongoni. Amesikia Kothbiro mara mia na ameweka akiba miaka miwili kuja nchi ulikotoka. Anakuuliza wewe, kwa sababu ndiwe wa kwanza kukutana naye: "Leo jioni nyatiti inapigwa wapi, na ninaweza kuketi nao?"

Utampeleka wapi?